Baiskeli katika Barabara za Majirani Zetu



Mwezi Septemba mwaka 2025, Kigali, mji mkuu wa nchi jirani ya Rwanda, uliyapokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Yalianza tarehe 21 na kumalizika tarehe 28, ambapo Tadej Pogačar wa Slovenia alitwaa ubingwa wa wanaume. Washindani wengi walishindwa hata kufika mwisho kwa ukali wa vilima vya mji ule.

Wageni wamekwisha kurudi makwao. Lililobaki ni la mwananchi wa kawaida: muuza maziwa, fundi seremala, mwanafunzi. Je, naye ataipanda baiskeli kila siku akiwa na hakika ya kufika salama?

Serikali ya Rwanda haikungoja mashindano ili kulitazama jambo hilo. Tangu mwaka 2016 Kigali imeweka siku isiyo na magari, ambayo baadaye ikawa Jumapili mbili kwa mwezi. Tangu saa 1 hadi saa 4 asubuhi barabara kadhaa hufungwa, na wananchi hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Wapo pia waganga wa kuwapima afya zao. Huo ni mwanzo mwema, ila Jumapili si Jumatatu.

Ukitoka Rwanda kuelekea kusini, barabara kuu ya Burundi huteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Vijana huishuka kwa kasi, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma yao mpaka mwendeshaji haonekani. Wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Lori likikata kona ghafula, kijana hana pa kukimbilia. Hata hivyo ndizi zile ndizo zinazoliwa mjini.

Mwezi Machi mwaka 2022 wakuu wa Burundi walipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura. Amri ya namna hiyo ni nyepesi kutoa. Lakini mzigo haukupungua uzito kwa sababu ya amri. Mwenye nao alilazimika kuutua mbali zaidi na soko, au kulipa gari.

Ndugu askari, mnaosikiliza mkiwa kambini na vituoni, hapa kazi yenu inaingia moja kwa moja. Ni rahisi mno kumsimamisha mwenye baiskeli kuliko kumsimamisha mwenye lori. Mwenye baiskeli hana mwendo wa kukutoroka, wala hana tajiri wa kumpigia simu. Breki zake zikaguliwe, ndiyo, na taa yake ya nyuma pia. Lakini dereva aliyempita karibu hata akamtupa mtaroni naye aulizwe, tena siku ile ile.

Kigali itafungiwa magari tena Jumapili nyingine. Ifikapo saa 4 yatarudi barabarani, na askari aliyesimama pale njia panda ndiye atakayeamua nani ampishe nani.