Mkubwa wa Kazi na Msaidizi Wake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Nagongera)



Kamati imenipa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo kwa kutazama juu juu ni dogo, nalo ni mwenendo wa mkubwa wa kazi na msaidizi wake: mwenyekiti na katibu, mwalimu mkuu na naibu wake, tajiri na karani wake. Watu wakihesabu nguvu za jumuiya huhesabu wanachama, fedha na majengo. Aghalabu hawahesabu watu wawili waliokaa katika chumba kimoja, mmoja akiamua na mwingine akiandika. Illa ukichunguza kwa nini jumuiya hii imesimama na ile imeanguka, mara nyingi utaikuta sababu iko katika chumba hicho.

Waungwana, cheo cha msaidizi si cheo cha aibu. Nabii Musa, alayhi ssalaam, alipotumwa kwa Firauni, aliomba apewe waziri katika jamaa zake, ndugu yake Harun, kwa kuwa Harun alikuwa na ufasaha wa ulimi kumshinda. Tazameni hekima yake: hakuomba mtu wa kumbebea mizigo, aliomba mtu mwenye kile alichopungukiwa nacho yeye. Mkubwa anayetafuta msaidizi anayefanana naye kwa kila kitu amejipatia kivuli, hakupata msaada.

Kadhalika Zaid bin Thabit, radhiya llahu anhu, alikuwa kijana alipokuwa mwandishi wa Mtume, sala na salamu zimshukie. Baada ya vita vya Yamama, Khalifa Abubakar alimtaka aikusanye Kurani. Zaid hakukubali mara moja. Aliuliza vipi lifanywe jambo ambalo Mtume mwenyewe hakulifanya. Khalifa hakukasirika, bali walizungumza hata moyo wa Zaid ukatulia, ndipo akaifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa. Hapo pana mafunzo mawili: msaidizi aliyeuliza kwa adabu, na mkubwa aliyejibu kwa subira.

Sasa natutazame karibu na kwetu. Mwaka 1902 Sir Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alifuatana na mwandishi wake, Ham Mukasa. Hawa hawakuwa Waislamu, lakini hekima huokotwa popote ilipo. Kutawazwa kulikusudiwa kuwa tarehe 26 Juni. Mfalme akaugua, kukaahirishwa hata tarehe 9 Agosti. Katika safari hiyo yote kazi ya Katikiro ilikuwa kuonana na wakubwa na kusema kwa ajili ya nchi yake, na kazi ya Ham Mukasa ilikuwa kutazama, kukumbuka na kuandika. Matokeo yake ni kitabu kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1904, kwa tafsiri ya padre Ernest Millar aliyesafiri nao. Wengi walikwenda London mwaka ule kutoka pande zote za dunia, na habari zao zimepotea. Safari ya Kagwa tunayo mpaka leo kwa sababu alikuwa na mtu wa kuandika. Na Ham Mukasa hakubaki mwandishi maisha yake yote. Baadaye alikuwa Sekibobo, mkuu wa Kyaggwe, kwa miaka mingi. Kukaa karibu na mkubwa kwa uaminifu ni shule.

Lakini kisa cha Kagwa kina upande wa pili. Alikuwa Katikiro tangu 1889, na mwaka 1926 akajiuzulu baada ya mzozo na afisa wa Kiingereza wa jimbo. Katika mzozo huo, pamoja na mengine, lilikuwamo swali hili: je, amri kwa machifu wa Buganda zimpitie Katikiro, ama zaweza kumruka? Mzee yule alikufa mwaka uliofuata. Basi fahamuni kwamba kumruka mtu katika kazi yake si jambo dogo. Mwenyekiti anayempa mhazini amri bila katibu kujua, na katibu anayepeleka barua wilayani bila mwenyekiti kujua, wote wawili wanachimba shimo moja kutoka pande mbili.

Niruhusuni sasa nitaje yaliyo wajibu wa mkubwa, nayo ni manne.

La kwanza, ampe msaidizi wake habari. Haifai katibu asikie sokoni kwamba kuna mkutano kesho. Yatosha robo saa kila asubuhi, wakae pamoja, waulizane: leo nani atakuja, barua gani haijajibiwa, ahadi gani imefika siku yake? Robo saa hiyo huokoa siku nzima.

La pili, aweke mipaka wazi. Barua gani msaidizi aweza kuitia sahihi mwenyewe? Fedha kiasi gani aweza kuidhinisha? Mambo haya yakiachwa gizani, msaidizi mwoga hatafanya lolote, na msaidizi jasiri atafanya kupita kiasi.

La tatu, akubali kuambiwa. Wanahistoria wamepokea kwamba Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana, alimwandikia Khalifa Umar kwamba barua zake zinafika bila tarehe, wala haijulikani ipi imetangulia. Umar, ambaye watu walimcha, hakusema, "Wewe ni nani hata unikosoe?" Alikusanya watu, akashauriana nao, na kutokana na shauri hilo ikawekwa hesabu ya miaka ya Hijra tunayoitumia hata leo. Fikirini: kalenda yetu imetokana na mtumishi aliyesema kweli na mkubwa aliyesikia.

La nne, amsifu mbele za watu na amrekebishe faraghani. Na wasaidizi wengi siku hizi ni binti zetu na dada zetu. Yapasa wafanye kazi katika chumba ambacho mlango wake u wazi, waruhusiwe kurudi kwao kabla ya giza, walipwe ujira wao kwa wakati, wala wasifanywe wapika chai kwa kuwa tu ni wanawake ilhali wameajiriwa kwa kalamu zao.

Na wajibu wa msaidizi pia ni manne.

Kwanza, siri. Neno alilolisikia ofisini lisimfuate barazani. Pili, apeleke habari mbaya mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Deni lililofichwa mwezi wa kwanza ni fedheha mwezi wa sita. Tatu, asiuze mlango wa mkubwa wake. Mjane na tajiri wafuate zamu moja, wala asiseme "Mkubwa amesema" kama mkubwa hakusema. Maneno hayo mawili yakitumiwa kwa uongo mara moja tu, hayatasadikiwa tena hata yakiwa kweli. Nne, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tena maamuzi bila daftari hugeuka ugomvi.

Hapa kwetu kazi ya katibu ina uzito zaidi kuliko mahali pengi. Wazee hushauriana kwa Dhopadhola, mkutano huendeshwa kwa Kiswahili, na barua ya kwenda Tororo huandikwa kwa Kiingereza. Neno moja hupita mikononi mwa katibu mara tatu kabla halijafika linakokwenda. Akilipotosha kwa kutojua, tumepotoka sote. Kwa hiyo mwenyekiti asitie sahihi barua asiyosomewa maana yake, na katibu asione haya kurudi na kuuliza, "Mzee, neno hili ulikusudia nini?"

Wafanya biashara wetu wanaokwenda Malaba na Busia wanalijua jambo hili. Lori laweza kuwa zima, dereva hodari na mali halali; lakini namba moja ikikosewa katika karatasi za forodha, lori litasimama, na kila siku ya kusimama ina gharama yake. Tajiri asiyemwachia karani wake nafasi ya kusema, "Bwana, hesabu hizi hazipatani," ataambiwa neno hilo hilo na afisa wa forodha, pamoja na faini.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Viwanja vingi vya misikiti na madrasa katika upande wetu wa nchi vilitolewa na wazee kwa ulimi, mbele ya mashahidi, kwa nia safi. Mashahidi wanakufa. Wajukuu wanakua, ardhi inapanda bei, na siku moja kijana anakuja na kuuliza, "Nani aliwapa?" Hapo haitoshi kusema kwamba mwenyekiti wa zamani alijua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaitambua ardhi ya kimila, na imeweka njia ya kuomba hati ya umiliki wa kimila. Lakini hati haijiombi yenyewe. Inataka fomu ijazwe, majirani waitwe, mipaka ikaguliwe, na mtu afuatilie mpaka mwisho. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti na katibu wakiwa na moyo mmoja: mwenyekiti ana heshima ya kuwaita wazee waseme, katibu ana kalamu ya kuwaandika. Mwenyekiti peke yake atakusanya maneno yatakayopeperuka. Katibu peke yake ataandika karatasi zisizo na wa kuzishuhudia. Na wakiwa hawasemezani, mwaka utapita, na katika mwaka huo mzee mmoja zaidi atatutoka, Mungu amrehemu, akiwa na ushahidi wake kifuani.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu kwa kamati, ikiona yafaa.

Mosi, iwekwe rejesta moja ya viwanja vyote vya Jumuiya: mahali, aliyetoa, mwaka, mashahidi walio hai na mipaka. Iandikwe nakala mbili. Moja ikae kwa mwenyekiti na nyingine kwa katibu, ili kufa kwa mmoja au kuhamia kwake Kampala kusitupotezee kitu.

Pili, kila kiongozi atakayechaguliwa aandikiwe kazi zake na mipaka yake katika karatasi moja, isomwe mbele ya mkutano, ili wanachama wote wajue nani aulizwe nini.

Tatu, kila msaidizi awe na kijana anayejifunza kwake. Faili isiyojulikana illa na mtu mmoja ni mali iliyokwisha potea, hata kama bado iko kabatini.

Mabwana na mabibi, watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwa mafahali. Lakini mkubwa na msaidizi si mafahali. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja katika shamba la mtama. Mmoja akivuta mbele na mwingine akirudi nyuma, jembe litapinda na mvua itapita. Wakienda hatua moja, aliye nyuma na mbegu hataona shida.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu masikio ya kusikia, awape wasaidizi wetu ulimi wa kweli na mkono mwaminifu, na atuhifadhie amana walizotuachia wazee wetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.