Kozi ya Mtandaoni Baada ya Uzinduzi



Kwa kuzindua, vyuo vyetu havijambo. Kozi ya mtandaoni ikikamilika tunakata utepe, tunapiga picha, na aliyeiandika anapewa barua ya pongezi. Ifungueni kozi hiyohiyo miaka mitatu baadaye. Viungo kadhaa havifunguki, tarehe za mazoezi ni za mwaka juzi, na kwenye jukwaa la majadiliano swali la mwanafunzi limekaa muhula mzima bila jibu. Dai langu jioni hii ni kwamba kuitunza kozi ni kazi kubwa kuliko kuiandika, nasi hatujaitengea saa wala fedha.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, hakikumwachia mhadhiri mmoja mzigo huo. Kila kozi ilikuwa na timu yake ya wanataaluma, wahariri na watayarishaji wa vipindi wa BBC, nao walibishana juu ya rasimu kabla haijamfikia mwanafunzi. Walikuwa na haki ya kubishana. Darasani nikisema jambo lisiloeleweka nitaona nyuso zimekunjamana, nitalirudia kwa namna nyingine. Kwenye skrini kosa hilo linabaki palepale usiku na mchana, likimpotosha kila anayepita.

Huku kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikategemea vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoani. Leo masomo yake yanapatikana pia kwa Moodle, programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas wa Australia na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia. Tumeichukua programu, ila ile timu hatukuichukua.

Nianze na uzito wa mafaili, maana hapo ndipo mwanafunzi anapoumia kwanza. Video inayorushwa kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa moja. Mhadhara uleule ukirekodiwa kwa sauti tupu, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula megabaiti zisizofika 15. Mwalimu wa shule ya msingi anayesoma shahada akiwa Mpanda, kwa simu na bando la wiki, hahitaji kuniona nikitikisa mikono. Anahitaji sauti yangu, slaidi chache, na maandishi anayoweza kuyapakua akiwa penye mtandao akayasoma asipokuwa nao. Video ibaki kwa kile kisichoelezeka bila kuonekana: jinsi ya kupasua chura maabara, au jinsi ya kushika drili.

Halafu kuna uchakavu. Wapo waliotengeneza masomo mazuri ya michoro inayocheza kwa kutumia Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikazuia michoro hiyo isifunguke kabisa. Maarifa yaliyomo hayakuwa yamepitwa na wakati; ni chombo kilichokufa, na pale ambapo hakuna aliyekuwa zamu, somo likafa nacho. Fundi wa jahazi haulizi kama chombo kilitoka pwani kikiwa kizima. Anakipandisha mchangani, anakikalafati upya.

Maswali nayo huchakaa, tena upesi. Jibu la zoezi la muhula uliopita liko kwenye kundi la WhatsApp kabla zoezi la muhula huu halijafunguliwa. Kukaripia hakusaidii. Jengeni benki ya maswali, mfumo umchagulie kila mwanafunzi yake. Na penye hesabu, kila mmoja apewe tarakimu tofauti. Moodle ina uwezo huo siku nyingi. Ni sisi tusioutumia, kwa sababu kuandika maswali mia mbili hakumo katika hesabu ya kazi za mhadhiri.

Tazameni pia kumbukumbu za mfumo. Zinaonyesha nani aliingia, alifika wapi, aliacha wapi. Wanafunzi wengi wakikwama kwenye mada moja, mihula miwili mfululizo, acheni kuwaita wavivu: mada hiyo iandikwe upya. Na sijui nani alitufundisha kufunga mazoezi saa sita usiku wa Jumapili, umeme ukikatika na fundi wa mfumo amelala. Jumanne alasiri ingetosha.

Kwa hiyo ninaiomba Seneti ya chuo mambo matatu. Saa za kutunza kozi zihesabiwe katika mgawo wa kazi wa kila muhula, kama zinavyohesabiwa saa za kufundisha. Ukurasa wa kwanza wa kila kozi uonyeshe jina la anayeitunza na tarehe aliyoikagua mara ya mwisho. Na kozi isiyo na mtu huyo isisajili mwanafunzi mpya mpaka apatikane, hata kama ada yake tunaihitaji.