Hati Itasomeka Jina la Nani?

Wahitimu wa usimamizi wa ardhi, hongereni sana. 

Muda si mrefu mjomba atakupigia simu: "Mwanangu, wewe umesoma mambo ya viwanja. Tuko watatu, tunataka kujenga nyumba za kupangisha Kibaha." Mara nyingi watu hao wameshachanga fedha, na hati imetoka kwa jina la mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia ofisi ya ardhi. Huyo akifa, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake. Wenzake wanabaki na meseji za M-Pesa mkononi, mbele ya mjane ambaye hakuwahi kuambiwa lolote na hana sababu ya kuwaamini.

Wengine hudhani wamejikinga kwa kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA. Jina hilo si mtu mbele ya sheria. Deni lake ni deni lako, mpaka kwenye mali yako binafsi. Kampuni ni mtu mwingine kabisa: deni lake si lako. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo ilisema hivyo mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, fundi wa mabuti wa London. Mwenyehisa akifa, zinazorithiwa ni hisa. Nyumba inabaki ya kampuni na wapangaji wanaendelea kulipa.

Ila kampuni ina gharama. Faida inatozwa kodi ya asilimia 30, gawio linakatwa tena, na ritani za kila mwaka hazisubiri. Benki nayo hupenda kudai dhamana binafsi ya wakurugenzi, na hapo kinga inaondoka kwa saini yao wenyewe. Kwa nyumba moja, mimi ningeandika wote watatu kwenye hati, kila mmoja na fungu lake. Wakikusudia kujenga nyingi, kampuni itangulie kiwanja, maana kuhamisha baadaye kunaleta ushuru wa stempu na pengine kodi ya ongezeko la mtaji.

Kwa hiyo mjomba akipiga simu, mzuieni asilipe hata arubuni kabla hawajaandikiana nani ana kiasi gani, nani anaruhusiwa kuuza, na mmoja akifa inakuwaje. Na ada ya ushauri alipe, mjomba au si mjomba.