Nyumba ya Mapumziko Kando ya Msitu: Tununue au Tusubiri?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, iliyofanyika Dumila.)



Kwenye ratiba nimepangiwa mada ya miradi ya kujitegemea. Lakini tangu asubuhi, hata wakati wa chai, watu wananiuliza jambo moja tu: ile nyumba ya wageni kule milimani, tunanunua au hatununui? Basi tuizungumze hiyo hiyo, kwa sababu ndani yake yamo mambo yote ya mada yangu.

Tulichokiona

Kwa wasio na habari, kamati ilipokea barua kutoka kwa mtu anayeuza nyumba ya mapumziko katika miteremko ya Uluguru. Ina vyumba vinane, ukumbi, jiko na bustani. Nyuma ya uzio unaanza msitu wa hifadhi. Mwezi uliopita nilipanda huko na wazee wawili.

Sitaficha, ni pazuri. Kuna hewa baridi, kijito, na ndege wengi. Uluguru wako ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na watu hutoka Ulaya kuja kuwatafuta kwa darubini. Mzee mmoja alikaa barazani, akavua kofia, akasema, "Mratibu, hapa hata mwenye presha atapona." Nami nilitamani. Ndiyo sababu sikutaka tuamue tukiwa pale pale barazani.

Wala asiseme mtu kwamba kanisa haliwezi kazi hii. Kule Lushoto, shamba la Irente la wenzetu wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki limepokea wageni miaka mingi. Kule Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wenzetu wa Konde wana nyumba za wageni. Kinachohitajika ni kujua tunanunua nini, kwa nani, na kwa fedha ipi.

Ardhi ni ya nani?

Mnakumbuka Abrahamu alipotafuta mahali pa kumzika Sara. Walimpa bure, akakataa. Alinunua mbele ya watu langoni pa mji, kwa bei iliyotajwa, pamoja na pango, shamba, miti na mipaka yake. Alikuwa mgeni katika nchi ile, na alijua kwamba neno la mdomo halitawalinda watoto wake.

Mimi somo hilo nililipata kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliandika andiko la mradi wa mashine ya kukamua alizeti. Kiwanja tulipewa na mzee mmoja mwema, kwa mdomo, tukapiga makofi na kusali. Mzee alipofariki, walikuja wapwa zake. Wakasema kwa upole kabisa kwamba ardhi ile haikuwa ya mjomba wao kuitoa, ilikuwa ya ukoo. Walikuwa na haki. Mashine tuliihamisha, msingi wa saruji upo hadi leo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuuliza.

Ndugu zangu, Waluguru na Wakaguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima shamba miaka arobaini na bado wenye neno la mwisho wakawa dada zake na watoto wao. Kwa hiyo ukiona karatasi yenye sahihi ya mtu mmoja, uliza ukoo unasemaje.

Sheria nayo ina maswali yake. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kama ina hatimiliki, tufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati tuone kama ina rehani. Na kama ni makazi ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi aridhie.

Hapa niwajibu pia wafadhili wetu. Mmoja ameuliza kwa nia njema kama marafiki wa ng'ambo wanaweza kuinunua kwa jina lao, kisha watuachie tuiendeshe. Hapana. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Njia ya mkato hapo ingetuweka sisi na wao matatani.

Msitu una wenyewe

Nilipouliza mpaka wa hifadhi uko wapi, kijana wa pale alinionyesha kigingi upande wa juu. Upande wa pili alinyoosha mkono tu. Na bomba la maji ya nyumba linatoka kwenye kijito, ndani ya miti. Kwa kibali cha nani? Hakujua.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sasa tukinunua na baadaye ikaonekana jiko au choo kiko ndani ya mita hizo, tutakayemlaumu atakuwa amekwisha ondoka na fedha.

Tena, tusidhani utulivu wa msitu ule umekuja wenyewe. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko. Hawakushirikishwa, na ghasia zikazuka Matombo. Mpango ule ukafa. Leo msitu umesimama kwa sababu wapo akina mama walioacha kukata kuni mahali walipokatia bibi zao. Mgeni akilala kwenye shuka nyeupe na jirani akakosa maji ya kunywa, utulivu huo hautadumu.

Nasi wa Dumila hatuhitaji kuhubiriwa habari za maji ya milimani. Januari 2014 yalishuka usiku yakaingia Dumila na Magole, barabara kuu ya Dodoma ikakatika, watu wakalala nje. Uluguru si mlima wetu wa karibu, lakini kanuni ni ile ile: anayeishi juu anamshikia ufunguo anayeishi chini. Maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanaanzia Uluguru.

Tupige hesabu

Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa usiku. Vyumba vinane vikijaa nusu ya siku za mwaka, tunapata 58,400,000. Hiyo ndiyo hesabu iliyotufurahisha kwenye barua. Lakini masika barabara ya juu ni utelezi, na wageni wengi huja kiangazi. Vikijaa siku moja kati ya tano, ni 23,360,000. Toa mishahara ya wafanyakazi watano kwa 200,000 kila mmoja, ni 12,000,000 kwa mwaka. Toa asilimia kumi ya NSSF, 1,200,000. Inabaki 10,160,000 ya chakula, umeme, leseni, kodi, magodoro na bati linalovuja. Faida iko wapi? Nilimwomba muuzaji daftari la wageni la miaka mitatu. Sijalipata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Fedha ya maji ni ya maji

Sasa niseme lililo gumu. Limetoka pendekezo kwamba tuazime fedha za mradi wa maji tulipe malipo ya awali, kwa sababu muuzaji anasema mteja mwingine anakuja mwisho wa mwezi. Tutarudisha mavuno yakiuzwa, inasemwa.

Hapana, ndugu zangu. Fedha ile imechangwa na wajane waliouza debe la mahindi hapa sokoni, na na watu wa ng'ambo ambao hawatatuona kamwe. Waliambiwa maji. Siku mtoto atakapoendelea kuchota mtoni pamoja na ng'ombe, hatutamwambia kwamba bomba lake liko Uluguru, lina vyumba vinane. Nasema haya wafadhili wakiwa wamekaa hapa, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakusikia.

Ninachopendekeza

Kwanza, tusilipe chochote mwezi huu. Mteja mwingine akija, tumwombee heri.

Pili, tuchague watu watano, wanawake wawili wasipungue, waende kijijini wakaonane na Halmashauri ya Kijiji, wakuu wa ukoo, na afisa misitu, kisha watuletee majibu kwa maandishi.

Tatu, muuzaji akikubali, tuombe kuipangisha kwa mwaka mmoja kabla ya kununua, kwa fedha za sharika zilizokubali kwa hiari. Mwaka mmoja utatufundisha kuliko barua yoyote.

Nne, mali ikipatikana, iandikwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini, isiandikwe kwa jina la mchungaji, la mwenyekiti, wala la mratibu.

Huenda mwisho wa yote tukainunua, na mimi nitakuwa wa kwanza kukaa barazani na yule mzee wa presha. Huenda tusiinunue. Msitu utakuwepo, na wajukuu zetu wataweza kupanda kuuona bila kuombwa radhi na mtu.

Uamuzi ni wenu.