Kamera ya Kuanzia na Mnunuzi wa Kawaida: Je, Bado Ina Nafasi?

Matini ya mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa mlaji



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia swali ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia nyumbani au dukani. Kijana amemaliza masomo, anataka kuanza kazi ya kupiga picha za harusi na mahafali, na anaomba familia imsaidie kununua kamera. Mama anauza vitenge kwa njia ya mtandao na ameambiwa kwamba picha za simu zinamkosesha wateja. Wote wawili wakifika dukani huoneshwa bidhaa ya aina moja: kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, ya daraja la chini kabisa katika orodha ya kampuni, ikiwa na lenzi moja ndani ya boksi. Muuzaji huiita kamera ya kuanzia. Swali ni hili: katika zama hizi za simujanja, je, kamera hiyo bado inamfaa mnunuzi wa kawaida?

Jibu langu ni kwamba inamfaa, lakini si kila mnunuzi, na mara nyingi si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi. Inamfaa yule mwenye kazi ambayo simu yake haiwezi kuifanya, na ambaye amepiga hesabu ya gharama nzima badala ya kutazama bei ya boksi peke yake. Asiyekuwa katika hali hiyo, fedha zake zina matumizi bora zaidi.

Tuanze kwa kuifahamu bidhaa yenyewe. Kamera za kubadilisha lenzi tulizozizoea zamani zilikuwa na kioo ndani yake, kilichopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia. Mpiga picha alipobonyeza kitufe, kioo kiliinuka na mwanga ukapita. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitangaza Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds, ambayo haikuwa na kioo hicho. Mwanga uliingia moja kwa moja kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachogeuza mwanga kuwa picha, na mpiga picha akaiona taswira kupitia skrini. Kamera ikawa ndogo na nyepesi. Kufikia mwaka 2020, takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, zilionesha kwamba kamera za aina hii zilizosafirishwa zimezizidi zile zenye kioo.

Hata hivyo, takwimu za chama hichohicho zina upande wa pili. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 9. Simujanja ndiyo iliyolimeza soko hilo, hasa lile la kamera ndogo za mfukoni. Kwa kuwa wanunuzi wamepungua, kampuni nyingi zimeelekeza nguvu kwenye kamera za bei ya juu zenye faida kubwa. Kamera za kuanzia zimebaki chache, na aghalabu bei yake hushushwa kwa kuondoa vitu fulani. Nikon Z30 ya mwaka 2022, kwa mfano, haina kitundu cha kuchungulia. Canon EOS R100 ya mwaka 2023 ina skrini isiyogeuka wala kuguswa. Upungufu huo si kasoro, ila mnunuzi anapaswa kuufahamu kabla ya kulipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mada hii, nalo ni mwanga. Wauzaji husema kwamba kamera ina kihisi kikubwa, kwa hiyo itaishinda simu usiku na ndani ya ukumbi. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Kihisi cha Canon EOS R50 kina upana wa milimita 22.3 na urefu wa milimita 14.9. Kihisi kikuu cha simujanja kadhaa za daraja la juu kina takribani milimita 9.8 kwa 7.3. Kwa eneo, kihisi cha kamera ni kikubwa zaidi ya mara nne.

Sehemu ya pili ya kauli hiyo ina tatizo. Mwanga huingia kupitia tundu la lenzi, na ukubwa wa tundu hilo huandikwa kwa herufi f na namba: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Simu nyingi zina lenzi kuu ya takribani f/1.8. Lenzi inayouzwa pamoja na R50 ndani ya boksi huanzia f/4.5, na ukiivuta hadi mwisho hufika f/6.3. Kwa hesabu, tundu la f/4.5 hupitisha mwanga pungufu kwa takribani mara sita kuliko la f/1.8 katika kila milimita ya kihisi, na la f/6.3 hupungukiwa kwa takribani mara kumi na mbili. Kwa hiyo faida yote ya kihisi kikubwa humezwa na lenzi, na zaidi ya hapo. Simu nayo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja bila mtumiaji kufanya lolote. Ndiyo maana mtu aliyetumia akiba yake kununua kamera hushangaa kuona picha za ukumbini usiku zina chengachenga, ilhali za shangazi yake aliyekaa meza ya nyuma na simu nzuri zimetoka safi.

Je, ametapeliwa? Kamera yake si mbovu, bali hakuambiwa kwamba nguvu ya kamera hii imo katika kubadilisha lenzi. Akiweka lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu katika mfumo wake, hesabu hugeuka: tundu ni lile la simu, lakini kihisi ni kikubwa zaidi ya mara nne. Hapo tofauti huonekana. Vilevile mwenye simu ya bei ya chini, ambayo kihisi chake ni kidogo zaidi, anaweza kuiona nafuu hata kwa lenzi ya boksi.

Ndugu washiriki, kutokana na hayo tunaweza kutaja kazi ambazo kamera ya kuanzia bado inazimudu kuliko simu. Kwanza, kupiga kitu kilicho mbali na kinachokwenda mbio, kama mchezo wa mpira au mtoto anayepokea cheti jukwaani, kwa kutumia lenzi ndefu. Pili, kupiga picha za watu ukumbini kwa lenzi yenye tundu kubwa, au kwa flashi ya nje inayoelekezwa darini ili mwanga urudi chini taratibu. Tatu, kufanya kazi kutwa nzima: betri ikiisha unaweka nyingine, kadi ikijaa unabadilisha, wala hakuna simu inayoingia katikati ya nadhiri za maharusi. Nne, kujifunza ufundi wenyewe, kwa kuwa vidhibiti vyake ni vilevile vya kamera kubwa.

Kwa upande mwingine, yule mama wa vitenge hahitaji kamera. Bidhaa zake haziendi popote, anaweza kuziweka karibu na dirisha mchana, na picha zake zitaonekana kwenye skrini ya simu ya mteja. Stendi, kitambaa cheupe cha kuweka nyuma na taa mbili zenye mwanga sawa vitamsaidia zaidi, kwa sehemu ndogo ya gharama. Mzazi anayetaka kumbukumbu za familia naye atazipata kwa simu iliyo mfukoni, kwani kamera iliyofungiwa kabatini haipigi picha.

Kuhusu gharama, Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ya boksi ni mwanzo tu. Mpiga picha wa shughuli atahitaji lenzi ya pili, betri ya akiba, kadi mbili za kumbukumbu, flashi, begi, na kompyuta ya kusafishia picha. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba vyote pamoja vinafika shilingi milioni 3, na kwamba kila kazi inambakishia shilingi 60,000 baada ya nauli na msaidizi. Atahitaji kazi 50 ili kurudisha mtaji. Akipata kazi mbili kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili na mwezi mmoja, kabla ya riba ikiwa fedha ni za mkopo. Kijana asiyejua kazi mbili hizo zitatoka wapi asiweke rehani mali ya familia kwa ajili ya kamera. Akodi kwa siku, afanye kazi tatu au nne, kisha atazame daftari lake. Kama wateja wanarudi, kamera itakuwa imejitetea yenyewe.

Jambo jingine ni uhai wa mfumo. Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi, na lenzi za mfumo mmoja kwa kawaida haziingii kwenye mwingine. Nikon ilianzisha mfumo wake wa Nikon 1 mwaka 2011 na kuusitisha mwaka 2018. Canon ilianzisha EOS M mwaka 2012, na kufikia mwaka 2023 uzalishaji wake ulikuwa umekoma. Lenzi zake haziingii kwenye kamera za mfumo wa sasa wa RF. Kamera hizo bado zinapiga picha, na zinaweza kuwa nafuu sokoni kama mitumba, lakini anayenunua kwa nia ya kupanda daraja polepole ajue kwamba ngazi hiyo imekatwa. Kabla ya kununua, uliza lenzi za mfumo huo zinapatikana hapa mjini, mpya au zilizotumika, na kwa bei gani.

Dukani, naomba mzingatie haya. Uliza kama bei ni ya kamera tupu au pamoja na lenzi. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kamera na iliyo kwenye boksi. Uliza kama dhamana, au waranti kama wengi tunavyosema, inatambulika nchini, nani anaitekeleza na kwa muda gani, kisha yaandikwe. Kadi za kumbukumbu za bandia ni nyingi na nyingine huonesha ujazo ambao hazina: ijaze kadi yote kwa majaribio na uyafungue mafaili kabla ya kuitegemea kazini. Kama utatumia flashi, ijaribu juu ya kamera hiyohiyo, kwa kuwa baadhi ya kamera za daraja hili hazikubali flashi za kampuni nyingine.

Kwa kamera iliyotumika, mulika tochi ndani ya lenzi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Unguja, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nao huonekana kama utando wa buibui. Piga picha ya ukuta mweupe uone kama kihisi kina madoa, na jaribu kila kitufe. Ukishainunua, ihifadhi mahali pakavu, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu.

Mwisho ni haki zenu. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, yakiwemo yale yanayohusu ubora, bei na dhamana. Kumwuzia mtu kamera iliyotumika kwa jina la mpya ni kosa, hata kama bei ilikuwa nzuri. Lakini haki huhitaji ushahidi. Dai risiti ya EFD inayotaja aina ya kamera, tunza ujumbe mliotumiana na muuzaji, na ukiona kasoro rudi dukani mapema. Msipopatana, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani.

Ndugu Mwenyekiti, kamera ya kuanzia haijafa, ila haiko tena kwa ajili ya kila mtu. Anayeingia dukani ajiulize maswali matatu: ni picha gani ninayoihitaji ambayo simu yangu imeshindwa kuipiga? Ni lenzi gani itakayoipiga? Na vyote kwa pamoja vitanigharimu kiasi gani? Mwenye majibu ya maswali hayo anunue bila wasiwasi. Asiyekuwa nayo aahirishe. Kamera zitakuwapo na mwezi ujao.