Chawa Haruki, Hutambaa

Leo tuzungumzie chawa bila aibu, kwani hata kichwa kinachooshwa kila siku hupata chawa.

Mketishe mtoto penye mwanga, umfumue nywele. Tazama nyuma ya masikio na kisogoni. Ukiona vitone vyeupe, vipanguse. Mba itadondoka, lakini yai la chawa limeganda kwenye unywele, halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Chawa mwenyewe ni mdogo kama ufuta, na hukimbia mwanga. Haruki, hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa watoto wanapoinamia kitabu kimoja.

Uliza dawa ya permethrini ya asilimia 1 kwa mfamasia. Paka, ngoja dakika 10, suuza, kisha chana kwa kitana chenye meno yaliyobanana. Rudia siku ya 9, maana mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Kagua kila mtu nyumbani. Mama, nakusihi, usimpake mtoto mafuta ya taa wala dawa ya mende! Ngozi itaungua, na sumu hiyo inaweza kumuua.

Chawa wa mwili ni wengine: hujificha kwenye mishono ya nguo na wanaweza kuambukiza homa kali. Fua kwa maji moto, upige pasi mishononi.

Nawe mwalimu, ukimwona mtoto ana chawa, usimtaje mbele ya wenzake. Mwite mzazi faraghani.