Tufungue dirisha la upande gani?

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, mukutano wa mwezi, Kolwezi



Komite ilituomba sisi wa kikundi cha masomo tuwaambie tuliyoyaona katika kalasi za batoto wetu. Tutasema kwa ufupi, juu mwishoni kuna jambo la kuamua pamoja, na linagusa makuta ya kasha letu.

Tuanze na mama mumoja wa hapa kati yetu. Kiangazi kilichopita alikuwa anaitwa ku masomo kila mara: "Mutoto wako analala mu kalasi." Akamugombeza. Akamupeleka kupima malaria, hakuna. Siku ya Mungu mutoto anacheza vizuri, kichwa hakimuume. Siku ya kazi, saa tano tu, macho yanafunga. Njo tukasema: twende tuone.

Tulifika saa tano. Malata juu, hakuna plafo, joto inashuka ku kichwa. Batoto wamebanana ku banki. Madirisha ya upande wa barabara yamefungwa, na yale ya upande wa kiwanja yamepigiliwa bashi kwa misumari. Mwalimu hakuficha kitu: "Vumbi ya makamio ilishinda batoto, nikafunga. Upande wa kiwanja nilifunga juu walikuwa wanachungulia inje." Hatukumulaumu. Tulikaa nusu saa, vichwa vikaanza kutuuma sisi wenyewe.

Sababu yake si uchawi. Katika sehemu 10,000 za hewa ya inje, gazi ya kaboni ni sehemu 4 hivi. Katika hewa tunayotoa kifuani ni sehemu 400 hivi, ni kusema mara 100. Batoto wakiwa wengi na kila kitu kimefungwa, wanavuta hewa iliyokwisha kupita katika vifua vya wenzao. Hewa hiyo, pamoja na joto ya malata, inaleta usingizi na kichwa kizito. Na baya zaidi ni kile kinachosafiri ndani yake. Kifua kikuu kinaambukizwa kwa hewa: mutu mumoja anakohoa, na vidudu vinaweza kuelea masaa mengi kama hewa haitembei. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kufanya masomo ya musingi kuwa ya bure, batoto waliongezeka mu kalasi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kuta hazikuongezeka.

Sasa, mwalimu naye ana haki. Vumbi ya Kolwezi si vumbi ya shamba. Wote tunakumbuka Kasulo, mwaka 2014, kobalti ilipopatikana chini ya nyumba, watu wakachimba mpaka ndani ya mapango yao. Wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven, Ubelgiji, walipima wakaaji 72 wa Kasulo, na kati yao batoto 32. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo yao, na kwa batoto ilipita ile ya wakubwa. Batoto wa Kasulo walikuwa nayo karibu mara 10 kuliko batoto wa mtaa ambako hawachimbi. Na vumbi ya ndani ya nyumba ilikuwa nayo pia. Inaeleweka: mutoto yuko karibu na chini, anashika chini, anapeleka mukono ku kinywa.

Basi tufanye nini? Tukifungua, vumbi. Tukifunga, hewa chafu. Sisi tunasema hatulazimiki kuchagua. Swali ni: dirisha gani, saa gani, na vumbi iliyokwisha kuingia tunaitoa namna gani?

Kwanza, wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kenda, madirisha ya chini ya upande wa barabara yafungwe, ya upande wa kiwanja yabaki wazi siku yote. Lakini hewa inataka njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Kwa hiyo, juu kabisa ya ukuta wa barabara, karibu na malata, tuweke klostra, yale matafari yenye matundu. Hewa ya moto inapanda, inatokea hapo. Waliosomea katika majengo ya zamani, yenye kuta ndefu na madirisha makubwa, wanajua tofauti. Huko Lima, inchi ya Peru, walipima hospitali 8, wakaandika mwaka 2007: vyumba vya zamani vyenye madirisha makubwa na plafo ya juu vilibadilisha hewa kuliko vyumba vipya, hata vile vyenye mashini.

Pili, kufagia. Hatufagie tena kavu asubuhi halafu batoto wanaikalia ile vumbi. Tufagie wakiisha kwenda, tunyunyize maji kwanza, na banki zipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Tatu, saa ya mapumziko wote watoke, milango na madirisha yafunguliwe dakika 10. Na mvua ikianza, tufungue pande zote.

Kuna mukubwa mumoja alituambia: "Kule Meheba tulisomesha batoto mu nyumba za nyasi. Leo tuna matafari, munataka tuyatoboe?" Tunamuheshimu, na tunamuelewa. Sisi wote tuliorudi tulitamani masomo yenye mulango na kufuli. Ukuta uliofungwa ulikuwa alama kwamba tumefika kwetu. Lakini kule mu nyasi, hata tulipokosa vitabu, hewa hatukuikosa.

Katika ile kalasi, kwa ruhusa ya direktere, tulitoa bashi upande wa kiwanja, tukaweka rido fupi mpaka urefu wa macho ya batoto. Mama hajaitwa tena. Hatusemi ni dawa ya yote. Tunasema misumari ilitoka bila kulipa hata franka moja.

Sasa uamuzi. Makuta yaliyo katika kasha yalikusudiwa plafo na rangi. Tunaomba yaanze kwa klostra za kalasi tatu, ndoo na vitambaa. Rangi itangoja. Tena, tuandike barua kwa komini, tuweke saini sisi wote: barabara ya mbele ya masomo imwagiliwe maji wakati wa kiangazi, na makamio yapite polepole. Ile vumbi hatukuileta sisi. Si haki tuibebe peke yetu.

Anayekubali ainue mukono. Anayekataa naye aseme, tumusikilize.